Nakshi Iliyoonekana Toka Angani

Vasylyna Kermoshchuk hufuma kwa kuhesabu. Midomo inacheza, sauti haitoki, na majirani wanaoingia kwake kuomba chumvi au kurudisha ungo wamezoea kusimama mlangoni mpaka afike mwisho wa mstari. Hapo ndipo huinua uso na kuuliza shida yao.

Mablanketi yake ya sufu yanajulikana kuanzia Brusnyk, kijiji chetu, hadi soko la Kosiv kule bondeni. Hayana jina lililotiwa. Watu humtambua kwa pindo: safu mbili za pembetatu tunazoziita meno ya mbwa mwitu, ncha za safu ya juu zikitua katikati ya mapengo ya safu ya chini, bila jino hata moja kupotoka. Mama yake mzazi alikuwa akifumua kazi ya juma zima kwa sababu ya jino moja. Alimfundisha bintiye kwamba mbwa mwitu mwenye pengo hamtishi mtu, na kwamba kitu kilichofunikwa kwa blanketi lenye kasoro hakijafunikwa.

Vasylyna aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Kwetu mtoto hupokewa kwa blanketi, bibi harusi hukalishwa juu yake, na jeneza hulazwa juu yake kabla ya kutolewa nyumbani. Mumewe, Hnat, alipoangukiwa na gogo msituni, Vasylyna aliketi kwenye kitanda cha kufumia akafuma blanketi jeusi na jeupe, na waliokuja kulia pamoja naye walimkuta akihesabu. Juu ya kifo cha Hnat hakusema kitu siku ile, wala miaka iliyofuata.

Alibaki na Lukyan, mtoto wake wa pekee, aliyekua akawa dereva wa malori ya mbao. Vita kubwa ilipoanza Lukyan alijiandikisha. Alikuwa hodari wa kurudisha nyuma lori refu kwenye njia nyembamba za milimani, kwa hiyo wakampeleka kwenye kikosi cha mizinga inayovutwa na malori.

Mzinga waliokabidhiwa yeye na wenzake ulitoka Marekani. Kwanza walipelekwa Ujerumani kuusomea. Lukyan alirudi akisimulia kwamba walimu wao walikuwa watu watulivu waliokula chakula cha jioni jua likiwa bado juu, na kwamba siku ya kuagana sajini mmoja mwenye mvi alimshika kila mwanafunzi mkono, mmoja baada ya mwingine. Kikosi kikaubatiza mzinga huo jina la Mgeni. Mwaka wa kwanza Mgeni alifanya kazi bila kupumzika. Lukyan alipopiga simu alikuwa nusu kiziwi na mwenye furaha, na mama yake alilazimika kurudia maswali.

"Mgeni anakula vizuri?" Vasylyna alikuwa akimuuliza.

"Anakula kutushinda sisi, mama."

Ulikuwa utani wao. Makombora ndiyo yaliyokuwa chakula cha Mgeni, nayo yalikuja kwa malori, yakitoka nchi ambazo Vasylyna hakuwa na haja ya kuzijua zilipo. Alichojua ni kwamba mwanawe ana mgeni, na mgeni ana heshima zake. Katika nyumba zetu blanketi bora halilaliwi na wenye nyumba. Hukunjwa likawekwa juu ya sanduku, na hutandikwa anapolala mtu aliyetoka mbali.

Vuli ya mwaka wa pili majibu ya Lukyan yalibadilika. Alisema Mgeni anakula mara moja kwa siku. Baadaye akasema amefunga, na Kwaresima bado iko mbali. Redioni tulikuwa tukisikia kwamba wabunge wa ng'ambo wanabishana juu ya msaada wetu, kikao kinaahirishwa, kingine kinaitishwa. Dukani kwa Kalyna, ambako wanaume huja kununua sigara wakaondoka saa mbili baadaye, mambo hayo yalijadiliwa kwa sauti. Mzee Tymko, fundi seremala mwenye ulimi, alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu jembe amekuja nalo mwenyewe, chakula chake ndicho wenyewe walichobaki nacho kwao. Watu wakacheka. Kijana mmoja aliyekuwa likizo kutoka jeshini hakucheka. Alisema bila jembe hilo pasingekuwa na duka la kukalia. Tymko akamjibu kwamba hakulitukana jembe.

Vasylyna alikuwa amekuja kununua chachu. Hakuzoea kuchangia maneno ya dukani, kwa hiyo alipofungua kinywa wote walimgeukia.

"Mwaka ule niliezekewa zizi na watu," alisema. "Wengine walirudi makwao kabla ya kumaliza. Walikuwa na kazi zao, sikuwalaani, na waliyoyafanya nayashukuru hadi leo. Lakini mvua ilipokuja haikwenda kwao."

Hakuna aliyeuliza ni mwaka upi; wote walijua ni ule aliokufa Hnat.

Wakati huo katika ukumbi wa michezo wa shule wanawake walikuwa wakisuka nyavu za kuficha silaha. Aliyewaongoza ni Mwalimu Zenovia Palahniuk, mstaafu wa somo la jiografia, mwanamke mrefu anayevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Wavu mtupu hutandazwa kwenye fremu ya mbao, kisha vipande vya nguo hufungwa kwenye matundu yake: magunia, makoti ya zamani, mashuka yaliyotiwa rangi kwenye sufuria. Vasylyna aliwahi kuitwa huko mwanzoni kabisa. Alisimama mbele ya fremu akautazama wavu kwa muda, akasema kwa adabu kwamba hii ni kazi ya kuku waliopekua takataka, akarudi nyumbani. Alitoa sufu, alitoa jibini na uyoga mkavu wa kupelekwa jeshini, lakini vidole vyake hakutoa.

Kilichombadilisha ni simu ya Lukyan. Alimweleza kwamba siku hizi droni za adui hazishuki angani. Mzinga usio na makombora hauwezi kujibu. Unachoweza ni kukaa kimya kwenye safu ya miti pembeni mwa shamba na kuomba usionekane. Wavu wao ulikuwa umeungua upande mmoja na upande mwingine umeoza. Alisema kazi yao kubwa sasa ni kutokuwepo.

Siku ya pili Vasylyna alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Zenovia akiomba wavu mtupu na magunia mawili ya vipande. Zenovia alifurahi, akataka kupita baada ya siku chache aone unavyokwenda. Vasylyna akakataa. Blanketi likitoka kwenye kitanda cha kufumia hupelekwa mtoni, hutumbukizwa kwenye pipa kubwa la mbao ambamo maji ya mlimani hulizungusha na kulipiga mpaka sufu inashikana. Kabla ya hapo jicho la mtu mwingine haliruhusiwi kulikagua. Wavu hauoshwi, lakini kwa Vasylyna mwiko ni mwiko. Aliufumia ghalani, na kila alipotoka aliufunika kwa shuka.

Alichagua rangi kwa uangalifu ambao ukumbini hakuna aliyekuwa na muda nao: udongo uliolowa, jani lililokufa, majivu, ganda la mti. Alizipanga kwa tofauti ndogo sana, kiasi kwamba ukiwa karibu huoni ila kahawia inayoelekea kuwa kijivu. Na ndani ya kahawia hiyo, kuzunguka pindo na kukata katikati, aliweka meno ya mbwa mwitu. Haikuwa majivuno. Mwanawe alikuwa chini ya wavu huo pamoja na mtu aliyetoka mbali, na kwa wawili hao hakuwa tayari kutoa kitu chenye kasoro. Alipomaliza aliukunja mwenyewe, akauweka katika gari la vijana wanaojitolea kupeleka vifaa mashariki, kwenye mapigano.

Lukyan alipiga simu akashukuru. Alipiga tena baada ya siku mbili, akazungumza juu ya matope. Mara ya tatu alizungumza juu ya panya wa handakini. Vasylyna, aliyeridhika, alimwambia kwamba ameshaanza mwingine kwa ajili ya mzinga wa jirani zao.

"Nakshi ile ile," alisema, "mfanane."

Lukyan akamzuia.

"Mama, usiufume huo."

"Kwa nini? Vitambaa vipo vya kutosha."

"Nakutumia picha. Itazame vizuri, halafu unipigie."

Picha ilikuwa imepigwa toka juu na droni ya kikosi chenyewe, asubuhi ile wavu ulipotundikwa. Shamba la alizeti lililovunwa, barabara ya trekta, mstari wa miti iliyopukutisha majani. Chini ya miti, mahali ambapo jicho lilitakiwa lipite bila kusimama, kulikuwa na safu mbili za meno. Rangi zote zilikuwa zimezama ardhini kama Vasylyna alivyokusudia. Mpangilio ndio uliobaki. Kila jino lilikuwa mahali pake.

Alikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima, kisha akampigia.

"Nani mwingine ameona?"

"Sisi tu, Mungu saidia. Yustyna, anayerusha droni yetu, alikuja mbio akicheka, anauliza ni nani ametandika kitanda cha harusi msituni. Tuliung'oa kabla hajamaliza kucheka."

"Na sasa mmeufunika kwa kitu gani?"

"Matawi. Na ule wa zamani."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ningeanzia wapi, mama? Ni mkono wako. Nilivyoiangalia ile picha, nilikujua wewe kabla sijaujua mzinga wangu."

Watu wa Brusnyk tumezoea kusikia kwamba kazi nzuri haiwezi kumdhuru mtu. Vasylyna aliufumua wavu alioanza, akabeba vipande vyote hadi ukumbini, akamwonyesha Mwalimu Zenovia picha bila kujitetea. Zenovia aliitazama kwa miwani ya kwanza, kisha ya pili. Hakumlaumu. Alisema porini hakuna kitu kinachojirudia kwa vipimo, na kwamba wale wanaokaa mbele ya vioo vya droni upande wa pili hawatafuti mizinga hasa. Wanatafuta mstari ulionyooka. Vasylyna akauliza basi asuke vipi. Zenovia akamwambia, ovyo.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Theluji ilikuwa njiani, na kila mtu ukumbini alijua kwamba matawi meusi juu ya theluji ni sawa na kuwasha taa. Vasylyna alipewa upande wake wa fremu, na vipande vyeupe, vya kijivu na vya kahawia, maana theluji ya mashambani ya mashariki huwa na madoa. Mashuka mengi yalikuwa yameletwa kwa msaada kutoka hoteli fulani ya Uholanzi, bado yana nembo ya dobi pembeni. Alifunga, akafunga. Kisha Zenovia akapanda ngazi za mazoezi zilizopigiliwa ukutani, zile ambazo wanafunzi hujinyoosha juu yake, akatazama toka juu, akatikisa kichwa. Cheupe, kijivu, kijivu, kahawia. Cheupe, kijivu, kijivu, kahawia.

Vasylyna akafumua. Mara ya pili alikusudia kwa makini kuvuruga, akavuruga kwa zamu: vurugu moja kila baada ya mafundo matano. Mwalimu akatikisa kichwa tena.

"Shoga, wewe hata kichwa unakikuna kwa safu," alisema Kalyna wa dukani, aliyekuwa upande wa pili wa fremu hiyo hiyo. Wanawake walicheka, Vasylyna mwenyewe akatabasamu kidogo, kisha akaanza kufumua tena. Alikuwa mfumaji bora kati yao wote, na mwanawe alikuwa amelala chini ya matawi.

Kalyna ndiye aliyegundua midomo. Alisema kwa sauti kwamba mwenzao anahesabu. Wakamwambia aache, akafunga midomo, akahesabu moyoni. Wakamwambia aimbe. Akaimba nyimbo za Krismasi pamoja nao, na wavu ukatoka na mdundo wa wimbo, beti baada ya beti, unaweza kuusoma toka ukutani. Zenovia alishuka ngazi akavua miwani zote mbili.

"Basi azungumze," Kalyna akasema. "Mtu hawezi kusimulia na kuhesabu kwa pamoja. Mimi dukani nikipiga soga, chenji inaharibika."

"Nisimulie nini?" Vasylyna akauliza. "Mimi sina habari."

Kalyna ana ulimi usio na mlango. Alisema, "Tusimulie siku ya Hnat."

Mwalimu Zenovia alimwita Kalyna kwa jina lake lote, la kwake na la baba yake, kama tunavyofanya kwa mtu anayestahili kukaripiwa. Vasylyna alikuwa ameshika kipande cha shuka. Alikipitisha kwenye tundu, akakifunga, akachukua kingine bila kukitazama.

Akaanza na banoshi. Alisema asubuhi ile alipika ugali wa mahindi kwa malai ya maziwa, akanyunyiza jibini ya kondoo, na Hnat alilalamika kuwa chumvi imezidi. Alisema mvua haikuwa kubwa. Aliyekuja kumwambia alikuwa msimamizi wa wakata miti, mtu mnene, na alimkumbuka kwa sababu alikuwa ameshika kofia ya Hnat badala ya yake. Alisimulia polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani kwenye nyumba yake mwenyewe. Alisema watu walidhani alikuwa na moyo mgumu, kukaa akifuma wakati maiti iko chumbani. Lakini alikuwa amegundua kwamba akihesabu haoni. Tangu Lukyan aondoke, amekuwa akihesabu tangu anapoamka: ngazi, vijiko, kondoo, nguzo za umeme.

"Nikiacha namwona chini ya gogo," alisema. "Siyo Hnat. Lukyan."

Kalyna alikuwa akilia bila kujificha, naye akaendelea kufunga vipande. Hakuna aliyesema pole. Kwetu neno hilo huja na mkate, halisemwi mikono ikiwa kazini. Zenovia alipanda tena ukutani. Alikaa juu muda mrefu kuliko kawaida. Upande wa Vasylyna ulikuwa kama ardhi ya mwezi wa Machi, theluji imekaa ilipotaka na kuondoka ilipotaka.

"Endelea, Bi Vasylyna," alisema toka juu.

Akaendelea. Siku zilizofuata wanawake walipeana zamu ya kumuuliza, na ukumbi ule ulisikia kutoka kwake mambo mengi kuliko kijiji kilivyosikia katika maisha yake yote: ugomvi na mama mkwe juu ya mafiga, jinsi Hnat alivyomposa akiwa amevaa viatu vya kaka yake, kondoo dume aliyekula taulo linalotundikwa juu ya picha takatifu siku ya Pasaka. Kila habari ilipopata moto, wavu ulisonga. Aliponyamaza, Kalyna alimtazama midomo na kuuliza swali lingine. Tymko, aliyekuja kukaza fremu, alisema amesikia ya kusikia lakini hajawahi kuona silaha inayofichwa kwa umbea. Wakamfukuza.

Wavu uliondoka na gari lile lile. Theluji ikaanguka. Simu hazikuingia kwa siku kadhaa, na Vasylyna alikuja ukumbini kila asubuhi, akasimama mbele ya fremu mpya, akasimulia.

Picha ilifika mchana, wote wakiwepo. Shamba lingine, miti mingine. Lukyan alikuwa ameandika chini yake kwamba wameshahama pale, ndiyo maana anaweza kuituma, na kwamba siku ilipopigwa walikuwa wote sita ndani ya picha, pamoja na Mgeni. Simu ikapita mkono kwa mkono. Kalyna alionyesha kichaka kimoja kwa hakika kamili. Zenovia alionyesha kingine, akitoa sababu. Mwanamke wa tatu alisema kuna kivuli karibu na barabara. Vasylyna aliipanua picha kwa vidole viwili, akaipitia yote toka kona hadi kona, akarudia. Palikuwa na theluji, madoa ya udongo, na miti.

Akampigia mwanawe.

"Imefika, mama?"

"Imefika. Mgeni hajambo?"

"Amepata mkate mkavu. Makombora machache, ya Wacheki. Wale wengine bado wanabishana." Akacheka kidogo. "Ule wavu wako wa kwanza tumeutundika darini mwa handaki. Vijana wanalala chini yake. Yustyna anasema sasa kitanda cha harusi kiko mahali pake."

"Na huu?"

"Huu? Juzi droni yao ilikaa juu yetu mpaka betri ikaiishia. Nilikuwa naisikia kama nyuki. Ikaondoka. Umetuona kwenye picha?"

"Sijawaona."

"Nikwambie tulipo? Angalia ule mti uliogawanyika, halafu shuka kwa..."

"Usiniambie," Vasylyna alisema. "Nikishaona mara moja, kila nikitazama nitaona. Acha nisione."

Walizungumza kidogo juu ya soksi na juu ya panya, kisha akamuaga. Aliweka simu kwenye mfuko wa aproni, akaokota vipande vilivyokuwa vimeanguka, akasimama mahali pake upande huu wa fremu, mkabala na Kalyna.

"Tulifikia wapi?" aliuliza.

"Kwa kondoo dume," Kalyna akasema. "Ameshameza taulo, na padri ndiyo anaingia."